Cherehani Haiulizi Nguo Ukoo

"Cherehani haiulizi nguo ukoo." Hayo ndiyo maneno ambayo bibi yenu Mwanaheri, dada yangu, alimwambia mwenzenu Mhina jana, pale Mhina aliposema kwamba yeye amesomea mitambo mikubwa ya viwandani na hawezi kukaa barazani akitengeneza simu mbovu za watu. Mmeniuliza msemo huo ulitoka wapi. Kaeni vizuri, nami nitawaeleza, kwa kuwa ulizaliwa mbele ya macho yangu.

Mume wa bibi yenu, shemeji yangu Semhando, alikuwa fundi cherehani katika kijiji hiki chetu cha Uzigua. Kitambaa kiliingia kwake kikiwa jora, kikatoka kikiwa sare za shule, magauni ya harusi na kanzu za Idi. Hakupata kumkabidhi mtu nguo yenye uzi unaoning'inia. Nilimpenda kwa unyofu huo, japokuwa alikuwa na kiburi kidogo, kama walivyo mafundi wengi wazuri.

Kisha ikaja mitumba. Gulioni yalifunguliwa marobota ya nguo zilizokwisha kuvaliwa ng'ambo, na wazee wetu wakaziita "kafa Ulaya", wakiamini kwamba wenyewe wamekufa ndipo nguo zao zikauzwa. Waliamini hivyo, na bado walizinunua. Watu wakaacha kununua jora, na baraza ya Semhando ikanyamaza. Walimjia wenye suruali zilizowazidi urefu, akawarudisha.

"Mimi nawashonea walio hai," alisema. "Maiti wana sanda yao."

Chambo, muuza mitumba, alipita akimcheka. "Fundi, marehemu wangu wanauzika kuliko walio hai wako!"

Hatimaye Semhando alikubaliana na mchuuzi mmoja wa Korogwe kwamba siku ya gulio aje kuinunua cherehani. Yeye mwenyewe angekwenda kukata mkonge kwa ujira kwenye mashamba makubwa ya mbali, amwache mkewe peke yake. Mwanaheri alikuja nyumbani kwetu akilia. Mama yangu alimsikiliza mpaka mwisho. Akatoka, akaenda kwa Chambo, akachakura lile rundo lake, akarudi na koti zito la sufu.

"Mwalimu," akaniambia, kwa maana nilikuwa nimeanza kufundisha, "vaa viatu. Utakuwa mdomo wangu."

Mlipaswa kulijua hili bila kuambiwa: zamani mama mkwe hakusema na mume wa binti yake ana kwa ana, wala hawakutazamana. Basi Semhando alipomwona, aliinamisha kichwa akaugeukia ukuta. Mama akaketi ukingoni mwa baraza, akampa mgongo. Cherehani ilikuwa katikati yao. Nikakohoa, nikaanza:

"Shemeji, mama anasema kwamba…"

"Nyamaza," mama akanikata. "Unachelewesha mambo. Nitasema na cherehani. Cherehani si mkwe wangu. Cherehani, hujambo?"

Semhando alijibu akiutazama ukuta. "Cherehani haijambo. Inasema shikamoo, mama."

"Marahaba. Cherehani, mzee wangu anatetemeka kwa baridi kila alfajiri. Nataka unishonee kizibao kutokana na koti hili."

"Cherehani inasema koti hilo ni la marehemu. Haijui alikuwa wa ukoo gani, wala alikufa kwa maradhi gani."

"Makubwa haya! Mtu alipokuja kuposa kwangu nilimuuliza ukoo, kwa sababu nilikuwa natoa mwana. Leo natoa koti. Tangu lini cherehani ikaiuliza nguo ukoo? Wewe umeumbwa ushone. Kama umechoka, sema, nilipeleke kwa yule fundi wa ng'ambo ya mto, anayeshona suruali mguu mmoja ukawa mfupi."

Mwanaheri, aliyekuwa mlangoni, alijiziba mdomo kwa kanga. Semhando hakuwa na njia, kwa kuwa Mzigua aliyelelewa hamkatalii mkwewe. Akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, nami nikamwekea koti.

Alianza kulifumua kwa ncha za vidole, kama mtu anayegusa kaa la moto. Alipofika kwenye bitana, vidole vikasimama. Akalisogeza koti kwenye mwanga, akalitazama kwa muda mrefu, kisha akacheka, kicheko ambacho hatukuwa tumekisikia tangu mitumba ilipoingia.

"Mwalimu, njoo uone! Hapa ndani palitoboka, mtu akatia kiraka. Hakuna ambaye angepaona, lakini tazama alivyopashona! Mishono midogo kama mayai ya sisimizi. Huyu si maiti, shemeji. Huyu ni fundi mwenzangu."

Akabadili sindano, akaweka ile nene. Kisha akasema na ukuta, kwa adabu yote:

"Cherehani inasema kizibao kitakuwa tayari jioni."

"Iambie ahsante," mama akajibu, akainuka.

Yule mchuuzi wa Korogwe alipokuja siku ya gulio, alikuta cherehani inalia na baraza imejaa watu wenye suruali za majitu. Semhando alimwomba radhi. Mchuuzi alinung'unika, akatazama huku na huku, kisha naye akavua koti lake apunguziwe mikono. Mkonge ulikatwa na wengine. Maneno ya mama yalienea kijiji kizima, mpaka Chambo mwenyewe akawa anawanadia wateja: "Nunueni, cherehani haiulizi ukoo!"

Baba yangu alikivaa kile kizibao hadi alipofariki, nami nikakirithi. Ndicho hiki ambacho mmezoea kunicheka nikikivaa asubuhi. Mhina, sogea. Pitisha kidole hapa ndani ya bitana. Umekisikia kiraka? Semhando alikata na kushona koti zima upya, lakini hapo hakupagusa. Alipaacha kwa heshima ya mwenzake.

Vema. Sasa nenda barazani. Bibi yako amekuwekea ile simu yake mbovu mezani, karibu na mashine ya marehemu mumewe. Nawe ukiitazama, kumbuka: cherehani haiulizi nguo ukoo.