Pimbi Aliyekataa Kufika Nukta

Niunge?
— Unga.
Nikiunga, mtanikata?
— Hatukati, mpaka ufike nukta.
Basi sogeeni. Mwenye usingizi aegemee mwenzake.

Hapo kale, si kale sana, habari ilivuma msituni kwamba mnyama ajuaye Kiingereza hapigwi risasi. Nani aliileta habari hiyo? Hajulikani. Lakini kesho yake Chui alikuwa amekwisha kufungua shule mbele ya pango lake, na wazazi wamepanga foleni wakivuta watoto masikio.

Kiingereza Chui alikuwa nacho. Alikiokota juu ya paa la hoteli ya watalii, siku alizokuwa akivizia mbuzi wa mpishi. Kilikuwa Kiingereza kifupi, cha kuagizia chakula, lakini nani wa kumpima?

"Shule yangu ina sheria moja," alisema Chui, "nayo ni ileile ya baraza la mababu. Anayesema hakatwi neno mpaka afike nukta. Tembo akikata, nje ya msitu. Hata mimi nikikata, nje ya msitu. Na anayefika nukta, huyo amehitimu. Ataingia pangoni avae joho, atokee mlango wa nyuma, aende zake ng'ambo kwa masomo ya juu."

Akina mama wakapiga vigelegele.

Mahafali ya kwanza alisimama Digidigi. "Ai am Digidigi. Ai am smol. Ai kam." Yaani mimi ni Digidigi, mimi ni mdogo, naja. Chui akapiga ngoma, ndu. Digidigi akaingia ndani. Vigelegele.

Mahafali ya pili alisimama Kanga. "Ai am Kanga. Ai am fat. Ai kam." Ndu. Kanga akaingia ndani. Vigelegele.

Akasimama mtoto wa Ngiri. "Ai am Ngiri. Ai am veri fat. Ai kam." Ndu, tena kwa nguvu. Ngiri akaingia ndani, na vigelegele siku hiyo vilisikika hata bondeni.

Akabaki Pimbi, wa mwisho kwa kimo na wa mwisho kwa alama.

Huyu Pimbi alikuwa na mazoea yake. Alipenda kuota jua juu ya jiwe lililo nyuma ya shule ya wanadamu, chini kabisa ya dirisha, na humo ndani mwalimu wao alikuwa amekwama kwenye somo moja. "Endi, watoto. Endi. Bati, watoto. Bati. Bikozi." Majina ya vitu Pimbi hakuyajua. Alijua viungo tu, yaani na, lakini, kwa sababu. Alikuwa kama fundi cherehani mwenye uzi na sindano, asiye na kitambaa.

Asubuhi ya mahafali yake, Chui alimwita. "Ingia upimwe joho."

Pimbi akaingia. Joho lilikuwa moja tu, limetundikwa, na kwenye pindo lake yamenasa manyoya ya Kanga. Pimbi akatazama nyuma, kule kwenye mlango wa kwenda ng'ambo. Akatazama tena. Pimbi ni mtoto wa mawe, na bibi yake alizaliwa ndani ya pango lilelile. Kila ufa wake ulikuwa na jina katika ukoo wao. Mlango wa nyuma haukuwepo. Haujawahi kuwepo.

Chini, penye vumbi, palikuwa na kikwato kidogo kimefungwa uzi mwekundu. Uzi ule Mama Digidigi alimfunga mwanawe kwa mkono wake mwenyewe, asubuhi ya mahafali.

Pimbi akalitungua joho, akajipima.

"Limekutosha?" Chui aliuliza nyuma yake.

"Linanipwaya, mwalimu."

"Usijali. Hukai nalo sana."

Alipotoka nje, Pimbi alijipenyeza mpaka mstari wa mbele, kwa Mama Digidigi. "Shikamoo, mama. Digidigi amewahi kuleta salamu?"

"Marahaba. Ataleta wapi, mwanangu, na masomo yalivyombana."

"Mama, pango halina mlango wa nyuma."

Mama Digidigi akamtazama kwa huruma. "Ni wivu tu huo. Mwenzako yuko ng'ambo, wewe hata 'fat' inakushinda. Nenda, mwalimu anakuita."

Pimbi akapanda juu ya jiwe. Mbele yake wazazi. Katikati yao Nyati, mgeni rasmi, pembe kazipaka tope jipya. Nyuma yake Chui, mate yakidondoka juu ya ngozi ya ngoma, ti, ti, ti. Nyuma ya Chui, pango.

Sasa nitawapa maneno yake ya lugha ya msituni kwa lugha yetu, viungo tu nitaviacha kama alivyoviokota.

"Mimi ni Pimbi," alisema Pimbi. Chui akainua kigongo cha ngoma.

"Endi," alisema Pimbi. Kigongo kikaganda hewani.

"Endi mimi ni mdogo, endi jiwe hili ni kubwa, bati si kubwa kama lile la kwetu, bikozi la kwetu lina mgongo, endi jana ilinyesha, bati haikunyesha sana, bikozi mawingu yalikuwa membamba, endi wingu jembamba halijazi kata ya maji, bati..."

Kigongo hewani. Jua likapanda, kigongo hewani. Jua likaanza kushuka, kigongo bado hewani. Tumbo la Chui likanguruma, ngurrr.

"Malizia," Chui alinong'ona.

Nyati akageuza shingo. "Mwalimu, unamkata mtoto neno?"

"Simkati, mzee. Nasafisha koo."

Pimbi alisikia pumzi ya moto kisogoni. Mawingu yamemwishia, mawe yamemwishia. Alichobaki nacho ni kile alichokiona pangoni. Basi akakishika, akakiunga.

"Endi Digidigi alihitimu, endi hajaleta salamu, endi Kanga alihitimu, endi hajaleta salamu, endi Ngiri alihitimu, endi joho ni lilelile moja, endi mwalimu wetu hajawinda tangu shule ifunguliwe, bati amenenepa, bikozi..."

Akamtazama Mama Digidigi.

Mama Digidigi alikuwa amesikia habari hizi zote, moja moja, na kila moja aliipigia kigelegele. Hakuwahi kuzisikia zimesimama pamoja. Mkono ukampanda mdomoni wenyewe.

"Bikozi," alisema Pimbi, sauti imepungua.

Msitu mzima ukangoja.

"Bikozi..."

Njaa ilikuwa imemla Chui Kiingereza chote, sasa ikamla na akili. "Kwa sababu niliwala," alisema, kwa lugha ya msituni, wazi kama maji ya chemchemi. "Niliwala wote. Nukta. Haya, ingia ndani."

Kigongo kikamponyoka. Ndu.

Wazazi wote wakamgeukia Chui. Hata Chui mwenyewe alijishika taya, akilishangaa kama la mtu mwingine.

Nyati aliinuka polepole. "Mwalimu," alisema, "hilo la kula tunakuja kuliongea. Lakini kwanza umemkata mtoto neno."

Kilichofuata kilikuwa kwato na pembe. Puu, kacha, puu. Chui alipita katikati ya miiba bila kuuliza njia, ngoma ikabaki vipande vipande, naye akatoka nje ya msitu moja kwa moja.

Mama Digidigi hakumfukuza. Aliingia pangoni, akatoka na kikwato chenye uzi mwekundu, akasimama mbele ya jiwe la Pimbi.

"Maliza, baba," alimwambia. "Digidigi alihitimu, endi nini?"

Pimbi akatafuta kiungo. Akatafuta endi, akatafuta bati. Hakukipata. Akashuka, akamshika mkono.

Hapo ndipo alipofika nukta.

Tangu siku hiyo Chui hutembea peke yake, na sauti yake hukatikakatika kama msumeno, khr, khr, khr, kila mkoromo na nukta yake. Pimbi naye ukimsikia mawemawe huko, huanza kelele na hajui kuimaliza.

Uzi wangu umeishia hapo. Mwenye sindano auchukue.

Na funzo, watoto, ni hili: mwanafunzi mwema husema kwa sentensi fupi. Haungi hili na lile. Mwalimu akimwita ndani, huingia bila maswali. Waliofanya hivyo, hakuna hata mmoja aliyewahi kulalamika.