Jinsi Mwarobaini Ulivyoacha Kuwa Mboga

Hapo kale, uchungu ulipokuwa bado haujapata makao, mwarobaini, ambao wengine huuita mkilifi, ulikuwa mboga. Majani yake yalikuwa matamu kuliko mchicha, na kijiji cha Mwachome kilikuwa na mti mmoja tu. Watu waliuchuma kila jioni. Mbuzi wakamaliza matawi ya chini. Wote walijua pia kwamba maji ya majani hayo, yakichemshwa, huponya upele wa mtu na wa mnyama.

Nyamvula binti Mwakutunza alikuwa akimlea mjukuu yatima, Mbeyu, kwa maziwa ya mbuzi wake wa pekee. Mwaka mmoja mbuzi huyo akashikwa na upele, akamwambukiza mtoto, na maziwa yakaanza kukauka. Ilibidi waogeshwe wote wawili siku moja, la sivyo mmoja angemrudishia mwenzake.

Nyamvula alipofika mtini alikuta kitawi kimoja chenye majani ya kujaza konzi. Jirani yake, Mwanasiti, alikuwa akiondoka na kapu limejaa.

"Dada, nigawie. Mtoto anajikuna hadi damu."

"Haya yana wageni wake, mwenzangu. Juzi si wewe uliyepika vyungu viwili? Leo ndiyo umekumbuka kuwa ni dawa?"

Ilikuwa kweli. Mwanasiti alipokwenda, Nyamvula aliliegemea shina.

"Ewe mti, yafanye majani yako yawe machungu, yabaki kwa wenye wagonjwa."

"Mjukuu wako atayalilia," mti ukasema, "na wewe hutayapika tena."

"Nitakula kunde."

Basi mti ukauvuta utamu wote kutoka majanini, ukauweka katika matunda, uwe fungu la ndege, ambao hula na kueneza mbegu. Ile konzi moja ikawa chungu na kali hata ikatosha kuwaogesha wawili. Mbeyu alilamba mkono wake, akalia sana. Baada ya siku chache ngozi zilipoa, na maziwa yakarudi.

Mwanasiti alikuwa amemwaga chungu kizima mbele ya wageni. "Nyamvula, ni wewe uliyebaki mtini! Umetuharibia kitoweo!" alipiga kelele uani.

Na tangu siku hiyo, mchumaji wa mwarobaini wa Mwachome hutafuna jani moja kwanza. Asiye na haja hulitema, akaenda zake. Mwenye mgonjwa nyumbani hukunja uso, akameza, akaendelea kuchuma.