Maji Kwenye Bango la Meno

Maji yakimwagika huzoleka kwa aliyetandika.

Msicheke. Najua mmefundishwa kwamba maji yakimwagika hayazoleki, na aliyewafundisha hakuwadanganya. Leo mmeisikia ikisemwa kinyume, mkadhani msemaji kateleza ulimi. Hakuteleza. Sogezeni vigoda. Methali hii ina siku yake ya kuzaliwa, na siku hiyo ilikuwa hivi.

Bara ya Kinango, mwaka ambao mbuzi walitafuna hata makonge, palikuwa na boma la Mzee Ndoro. Mwanawe, Mwero, alioa binti aitwaye Umazi, kisha akaenda kutafuta kazi Mariakani, akamwacha mkewe kwa wazazi. Umazi alikuwa mtu wa maneno machache na mikono isiyotulia. Mavyaa yake, Bi Mbeyu mama wa Mwero, alikuwa na maneno mengi na heshima nyingi, na alipenda vyote viwili vionekane.

Nyevu, kitinda mimba wa Bi Mbeyu, alikuwa amechumbiwa, na wakwe walitarajiwa Alhamisi. Umazi akatumwa mjini kununua majamvi mawili ya kukalisha wageni. Alirudi na furushi moja zito, limefungwa kwa kamba juu ya mkokoteni wa jirani. Walipolikunjua uani, likafunika nusu ya ua. Lilikuwa bango kuukuu la matangazo, lile la plastiki nene linalotundikwa juu ya barabara kuu. Lilikuwa na picha ya mwanamume anayecheka, na kila jino lake lilikuwa kubwa kama mlango wa jikoni.

"Majamvi yako wapi?" Bi Mbeyu aliuliza.

"Sikuyanunua, Mama. Nimekuta hili. Halina tundu hata moja. Nimelimwagia maji pale pale sokoni, halipitishi."

"Nimekuuliza habari ya maji mimi? Wakwe zangu wakalie meno?"

Nyevu akashika mbavu kwa kicheko. "Wifi, si ungetuletea na mswaki wake!"

Umazi aliliona sokoni, akalipapasa, akalitaka. "Kitu kisichopitisha maji hakikosi kazi nyumbani," alisema. Bi Mbeyu akaamuru takataka ile itupwe nyuma ya zizi la mbuzi, akaazima majamvi kwa jirani, na tangu hapo akawa hamwiti mkaza mwanawe kwa jina. Alimwita Mama Meno.

Sasa sikilizeni habari ya tangi. Boma lile lilikuwa na tangi la mawe na saruji, limejengwa juu ya mteremko. Mwaka uliotangulia lilipata ufa karibu na kitako, na Mzee Ndoro akauziba kwa kiraka cha lami. Kiraka kilizuia maji, lakini kilikuwa cheusi, kimevimba kama jipu. Bi Mbeyu akaona kwamba wakwe wakiingia, kitu cha kwanza watakachokiona ni jipu lile. Jumatano akashika panga, akalibandua, akapaka tangi zima chokaa. Likang'aa kama yai.

"Na ufa, Mama?" Umazi aliuliza.

"Ufa ni wa mwaka jana. Umeshakufa."

Alhamisi asubuhi lori la maji likaja. Mvua ilikuwa imewasusa tangu mwaka uliopita, na kila boma lilipata zamu moja kwa mwezi, basi. Mwezi ambao zamu iliwapita, wanawake walitembea hadi bwawani tangu jogoo la kwanza, wakarudi alasiri. Punda wa Bi Mbeyu alifia njiani. Mzigo wa punda ukahamia kichwani kwa mke wa mwana, yaani Umazi, na hadi Alhamisi ile shingo yake ilikuwa haijanyooka sawasawa. Hakuna aliyejua kuliko yeye tangi lile lilibeba nini.

Dereva akatia mpira, akafungua koki. Maji yakaanza kunguruma ndani. Mbuzi wakainua vichwa. Bi Mbeyu, kajifunga leso mpya ya kupokelea wageni, alisimama kando kama mwenye mji.

Umazi alikuwa akiangalia chokaa. Mahali pale pale pa kiraka paliota mstari wa unyevu, mwembamba kama unywele. Akasogea. Unywele ukawa uzi. Akaweka kiganja, ukuta ulikuwa unatetemeka.

"Kaka, funga koki! Tangi linapasuka!"

Dereva alimtazama Bi Mbeyu. Mwenye mji ni yupi?

"Mimina, mwanangu," Bi Mbeyu alisema. "Chokaa mbichi hutoa jasho. Nawe Mama Meno, nenda jikoni. Usinitie aibu mbele ya watu."

"Mama, weka mkono wako hapa tu."

"Jikoni, nimesema!"

Uzi ukawa utambi. Umazi akageuka, akaondoka. Lakini hakwenda jikoni. Alikwenda nyuma ya zizi, akashika bango kwa pembe, akalivuta. Lilikuwa zito kama ng'ombe aliyelala. Alilivuta hatua tano, akakaa kitako, akainuka, akavuta tena. Chini ya mteremko palikuwa na shimo walimochimba udongo wa kukandika nyumba, kina chake hadi kifuani, na chini kabisa kokoto tupu. Maji yakifika pale yangemezwa kabla hujapepesa macho.

Nyevu akamkuta katikati ya njia. "Wifi! Umerukwa na akili? Wakwe wako pale kwenye mkwaju, nimewaona!"

"Shika pembe hiyo."

"Ya nini?"

"Nyevu, shika!"

Kwa jinsi sauti ile ilivyokuwa, Nyevu akashika. Wakaliburuta wote wawili hadi shimoni. Umazi akaruka ndani, akalikandamiza kwa miguu likalala hadi chini, jino kwa jino. Nyevu akabingirisha jiwe kwenye pembe ya kwanza. Jiwe kwenye ya pili. La tatu lilikuwa bado mikononi mwake waliposikia mlio kama kinu kinachopasuka.

Mlima mdogo wa maji ukatoka kwenye tangi, ukabeba chokaa, kuni na kuku mmoja, ukaanza kuteremka. Bi Mbeyu alikuja mbele yake mbio, mikono kichwani, akilia.

"Maji yetu! Yakimwagika hayazoleki, jamani! Hayazoleki!"

Nyevu akalibwaga la tatu mahali pake. Pembe ya nne, ile ya upande wa juu ambako maji yangeingilia, ilikuwa inapepea. Hapakuwa na jiwe karibu. Maji yangepita chini ya bango, nayo kazi yote ingekuwa bure. Umazi, kifua chake sawa na ukingo wa shimo, akaangaza macho na kuona kitu kimoja tu chenye uzito.

"Mama, keti hapo!"

"Nikae wapi?"

"Juu ya pembe! Keti!"

"Mimi? Topeni? Na leso hii?"

"Keti chini, Mbeyu!"

Alimwita kwa jina. Mke wa mwana akamwita mavyaa yake kwa jina, tena kwa sauti ya kufukuza mbuzi. Kwa mshangao ule Bi Mbeyu akakaa. Maji yakamfikia mgongoni, yakampanda hadi kwapani, yakamzunguka pande zote mbili, yakaporomokea juu ya plastiki. Hakuinuka. Alifumba macho, akashikilia pembe ile kwa mikono miwili kama anayezuia mlango.

Ndipo wakwe wakatokea, sita, wamevaa vizuri. Wakasimama. Mbele yao tangi limepasuka, mama wa bibi harusi yumo topeni hadi kiunoni, na shimoni mwanamume mkubwa anakunywa maji huku akicheka. Kisha mama mmoja wa upande wa bwana harusi akaweka kikapu chini, akapandisha leso, akaokota jembe, akaanza kuchimba mfereji ili maji yaliyokuwa yakitoroka kando yarudi shimoni.

Yalipotulia, yalifika kwenye ufizi wa juu. Theluthi moja ilikuwa imekwenda na ardhi. Theluthi mbili zilikuwa zao.

Wageni wakala, wakanywa, wakakubaliana. Lakini kabla hawajaondoka, Bi Mbeyu, kavaa leso ya zamani, akaomba neno lisikilizwe.

"Maji nimeyaona. Sina ubishi nayo. Lakini nimekalishwa topeni mbele ya wakwe, na nimeitwa kwa jina na mtoto niliyemwozea mwanangu. Namtaka aombe radhi."

Mzee Ndoro akakuna kidevu. Desturi ya boma lile ilikuwa wazi. Aliyemkosea mkubwa huchota kata ya maji, hupiga magoti, humnywesha kwa mikono miwili na kusema, nimekosa.

"Mwanangu," alisema kwa upole, "ni kata moja tu. Yaishe."

Umazi akainuka. Akaenda shimoni, akachota, akarudi kata ikiwa imejaa pomoni. Wote wakangoja magoti yake yaguse chini. Hayakugusa. Alisimama wima mbele ya Bi Mbeyu, akamnyooshea kata kwa mikono miwili.

"Kunywa, Mama. Ni maji yako, na pembe uliishika vizuri. Ulisema yakimwagika hayazoleki. Yanazoleka. Maji yakimwagika huzoleka kwa aliyetandika, nami nilitandika. Ningekuita polepole, yangekwenda. Kwa hiyo kunywa ukipenda, lakini radhi siombi. Leo siombi, na kesho msinipe kata nyingine, maana sitaomba."