Pua ya Bibi Fisi

Paukwa!

Mbona mnaitika kama wagonjwa? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Zamani hizo, wanyama wakiwa bado wanasali pamoja, walikuwa na kanisa lao. Kanisa lile lilikuwa hodari kwa jambo moja tu: kuzika. Ukifa, wanakuja wote. Sufuria zinakuja, turubai linakuja, kwaya inaimba mpaka maiti anaona raha. Lakini ukiugua? Aa! Ukiugua ni wewe na mkeka wako.

Siku moja akaja Bibi Fisi. Alikuwa mzee, mzee kwelikweli. Meno yalibaki mawili, nayo hayakutani. Akatubu. Akatiwa darasa la ubatizo pamoja na vifaranga. Vifaranga wanamtazama yeye, yeye anatazama dari. Akabatizwa.

Akamfuata Mama Kanga, mwenyekiti wa akina mama.

"Mama Mwenyekiti, nipe kazi."

"Kazi gani, bibi, kwa umri huo?"

"Yoyote."

Wakamjaribu kwenye kwaya. Akafungua kinywa: hii-hii-hiii! Mbuzi wote wa sauti ya kwanza wakatoroka kupitia dirishani. Wakamweka mlangoni apokee wageni. Jumapili hiyo hakuja mgeni hata mmoja.

"Bibi," akasema Mama Kanga, "wewe kaa tu. Kazi yako ni kungoja mbingu."

Bibi Fisi akakaa. Lakini neno lile lilimchoma. Miaka yote ameogopwa. Iliyobaki, awe wa kuvumiliwa tu?

Jumapili moja, katikati ya matangazo, upepo ukaingia. Pua ya Bibi Fisi ikaamka. Fu! Fu! Fu! Akasimama.

"Digidigi yuko wapi?"

"Digidigi yupi?"

"Yule mjane anayekaa nyuma ya nguzo."

Wakatazama nyuma ya nguzo. Hayupo. Na hakuna aliyejua hayupo tangu lini.

"Anaumwa," akasema Bibi Fisi. "Homa. Siku ya tatu hii, na maji hajanywa."

"Nani kakwambia?"

"Pua yangu."

Mzee Ngiri, aliyekuwa mzee wa zamu siku hiyo, akauliza, "Amekufa?"

"Bado."

"Basi akifa tutatangaziwa. Tuendelee."

Mama Kanga akapiga mabawa, pa-pa-pa. "Na wewe unamtakia nini? Tangu lini fisi akatafuta mgonjwa ili ampe pole?"

Kanisa likaangua kicheko. Bibi Fisi hakucheka. Na fisi kujizuia asicheke ni kazi, msione hivi.

"Mama Kanga," akasema, "pua hii haijakosea. Nusu ya wazazi wenu nimewajua kwa pua hii."

Mbuzi wakasogeleana.

"Mkitaka, njooni na uji. Msipotaka, naenda peke yangu. Na nikienda peke yangu, sijiamini."

Hee! Kanisa zima likainuka. Ngiri mbele, tii-tii-tii. Mama Kanga nyuma na kibuyu cha uji, pata-pata-pata. Lakini njia aliyeijua ni Bibi Fisi, na uzee wake wote siku ile aliusahau. Akawaacha. Akafika wa kwanza.

Digidigi amelala chini. Macho yamegeuka, ulimi umekauka. Hapumui ila kidogo.

Mate yakamtoka Bibi Fisi. Siwadanganyi, yalimtoka mpaka kifuani. Akampa mgonjwa mgongo pale mlangoni. Akauma mkia wake mwenyewe. Akapiga kelele, "Upesi! Upesi jamani, maana mimi ni fisi!"

Wakafika, ndimi nje. Mama Kanga akamtia mgonjwa maji, tone kwa tone. Kisha uji. Kisha maji. Jua likasogea. Digidigi akafumbua macho, akamwona Bibi Fisi pale mlangoni.

"Nimekufa?"

"Hujafa," akasema Bibi Fisi. "Ungekuwa umekufa ungeisikia kwaya."

Mama Kanga akaweka kibuyu chini. "Bibi, kumbe unayo pua ya namna hii. Miaka yote ilikuwa wapi?"

"Ilikuwa hapa hapa usoni. Kila mgonjwa wenu nilimfikia kabla yenu. Ila nilikuwa naenda peke yangu, tena na njaa."

Mama Kanga akanyamaza. Kanga kunyamaza, mmewahi kuona?

Tangu siku ile, kila asubuhi Bibi Fisi anapita nyumba hadi nyumba, fu, fu, fu, na Mama Kanga nyuma yake na uji. Makaburini nyasi zikaota. Kwaya ikanung'unika kwa kukosa kazi.

Basi sikieni, wadogo na wakubwa. Mzee akiomba kazi kanisani, msimwambie angoje mbingu. Mpeni kazi, na mwende naye. Na wewe mzee, usiseme muda umepita. Alichokupa Mungu bado unacho, kigeuze tu kielekee kwema. Na ninyi wa sufuria na turubai, mpelekeeni mtu uji angali anaweza kumeza.

Ngano yangu naitua hapa. Anayeitaka aibebe.