Ngiri Aliyeishia Kichuguuni

Paukwa!

Pakawa!

Kaa vizuri wewe unayepiga miayo. Na wewe mtu mzima unayejifanya umemleta mtoto tu, sogea karibu. Hadithi ya leo inakutafuta wewe kabla ya mtoto.

Hapo zamani za kale, wakati wanyama walipokuwa wakiulizana habari za nyumbani, Ngiri alikaa na mkewe na watoto wao katika shimo, pembeni mwa mbuga. Ngiri huyu alikuwa na mbio. Hilo hatumnyimi, haki ya mtu ni yake. Akikurupuka, twaka-twaka-twaka, mkia wima, vumbi nyuma, ukimtafuta ameshapita. Kasoro yake ilikuwa moja tu, na tutaifikia.

Nchi ile ilikuwa na kiangazi kikali. Tembo na nyati walihamia mto wa mbali. Wenye miguu mifupi wakabaki na chemchemi moja, nayo ilikuwa ndogo. Aliyekunywa kwanza alikunywa maji. Aliyekunywa mwisho alikunywa tope. Walipochoka kuumana na kuchomana miiba, wakapatana: kila mwaka, maji yakianza kupungua, kila ukoo utatoa mkimbiaji mmoja. Watakimbia kutoka mashimoni mpaka chemchemini. Twiga atakuwa mwamuzi kule mwisho, kwa kuwa anaona mbali na maji ya pale hayagombei. Watakavyofika ndivyo watakavyokunywa, wao na jamaa zao, kiangazi chote.

Mwaka uliopita akina Ngiri walimtoa mjomba mmoja mwenye mguu mbovu, akawa wa mwisho. Wakanywa tope. Kitinda mimba wao, ambaye hata jina lake alikuwa hajazoea kuliitika, akaumwa tumbo. Mvua ilipokuja haikumkuta.

Basi mwaka huu Ngiri alipanda juu ya kichuguu kilichokuwa mbele ya mashimo, akasema, "Mjomba apumzike. Nakimbia mimi."

Kanga walikuwa chini ya kichuguu. Kanga mnawajua. Wakimwona mtu amesimama mahali palipoinuka, hawaulizi anasema nini, wao ni vigelegele. Kekeke, kekeke. "Ngiri huyo, Ngiri huyo, nani atamweza huyo?"

Ngiri alisikia raha. Raha ikamwingia masikioni, ikateremka mpaka kwatoni. Akarudi nyumbani akitembea kama mtu aliyekwisha kushinda, na hata jasho hakuwa ametoka.

Asubuhi yake akaanza mazoezi. Akatoka shimoni, mkia juu, twaka-twaka-twaka, mpaka kichuguuni. Kanga walikuwa wamekaa wanamngoja. Angewapitaje bila salamu? Huo ungekuwa utovu wa adabu. Akasimama. Akapanda. Akakohoa kidogo.

"Wapendwa," akasema, "leo ni mwanzo tu. Kesho nitapita hapa kama upepo."

Kekeke, kekeke. Ngiri huyo, Ngiri huyo. Akateremka, akagaagaa vumbini kupumzisha misuli, akarudi kula.

Na alikula. Alisema mwanariadha hali kama watu wa kawaida. Mizizi minono akaila yeye, watoto wakapewa maganda. Mkewe, Bi Ngiri, akatazama maganda, akamtazama mume. Alijipa moyo kwamba ni kwa ajili ya maji.

Kesho yake Ngiri akatoka tena. Twaka-twaka-twaka, mpaka kichuguuni. Akasimama, akapanda, akasema. "Wapendwa, leo kuna umande, kwato zinateleza. Kesho." Kekeke, kekeke.

Siku nyingine upepo ulikuwa wa mbele. Siku nyingine kulikuwa na wageni. Siku nyingine alisema mwezi umezeeka, mwezi ukiandama ndipo atakapoanza kwa nguvu zote. Mwezi ukaandama, akautazama, akasema huu ni mwembamba mno, uache unenepe.

Sasa shimo la pili alikaa Nungunungu. Yeye kwa mbio alikuwa kichekesho. Tumbo linaburura, miiba inapigana, kacha-kacha-kacha, nchi nzima inajua anapita. Siku ya kwanza alifika kichuguuni, akalala chali, akahema mpaka Kanga wakaona aibu kwa niaba yake. Kisha wakacheka. Nungunungu akainuka, akajikung'uta, akarudi kwake.

Kesho yake kacha-kacha-kacha, akafika kichuguuni, akapita kidogo, akarudi. Kesho kutwa akapita zaidi ya kidogo, akarudi. Umande ulipokuwepo alipita na umande. Upepo ulipovuma alipita huku miiba yake ikipiga kelele zaidi. Ngiri akiwa bado amelala alimsikia, kacha-kacha-kacha, akajifunika masikio.

Siku moja Ngiri alikuwa juu ya kichuguu katikati ya hotuba, Nungunungu akapita. Ngiri akamwita. "Jirani, unatafuta nini huko mbele kila siku?"

"Sitafuti kitu," Nungunungu akasema. "Nakwenda mpaka nilipoishia jana, naongeza kidogo, narudi."

"Na siku ukiwa huna hamu?"

"Leo sina. Nimeiacha nyumbani imelala." Akaenda zake, kacha-kacha-kacha.

Kanga wakacheka mpaka manyoya yakawatoka. Ngiri naye akacheka, akawaambia, "Mnaona? Mtu hana hamu na bado anakimbia. Huyo ataumia." Wakakubali kwamba Ngiri ana hekima.

Jioni hiyo Bi Ngiri akamuuliza. "Mume wangu, tangu uanze mazoezi umewahi kukipita kichuguu?"

"Nakaribia."

"Chemchemi iko mbali na kichuguu. Mimi naijua njia, naipita kila siku nikitafuta mizizi unayokula. Wewe huijui. Basi nipe nafasi nikimbie mimi."

Ngiri akashtuka. "Jina langu limekwisha kutangazwa. Watu watanionaje?"

"Na wanao watakunywa nini?"

Jibu alilitoa kesho yake, alipopanda kichuguuni. Akainamisha kichwa, akasema kwa sauti ya kukatika, "Wapendwa, mimi sikimbii kwa ajili yangu. Namkimbilia kitinda mimba wangu, ambaye tope lilimuua." Kanga wakalia. Hakuna jicho lililobaki kavu. Vigelegele vya siku hiyo vilizidi vya siku zote, na Ngiri alishuka akiwa ameshiba kabisa.

Bi Ngiri alikuwa amesimama nyuma ya majani, amesikia. Akamngoja mpaka akafika. "Mwanangu hakufa ili wewe upigiwe makofi," akamwambia. Akaingia ndani na watoto.

Hayawi hayawi, huwa. Maji yakapungua, siku ya mbio ikafika.

Kanga, watoto, wake na wazee, wote walikwenda chemchemini tangu alfajiri, maana nani atakaa mwanzoni wakati mshindi anapatikana mwisho? Mashimoni wakabaki wakimbiaji: Ngiri, Nungunungu, Muhanga na Nyegere. Twiga kule mbali akainua shingo juu, akaishusha. Hiyo ndiyo ilikuwa ishara.

Ngiri akafyatuka. Twaka-twaka-twaka-twaka. Mkia wima. Vumbi likawajaa wenzake machoni. Muhanga akapotea nyuma. Nyegere akapotea nyuma. Nungunungu hata hakuonekana. Nakwambia, mbio kama zile hazijaonekana tena katika nchi ile. Ngiri mwenyewe akajiambia, si niliwaambia?

Akafika kichuguuni.

Miguu ikasimama.

Hakuiambia isimame. Ilisimama yenyewe, tuli, kama ilivyosimama siku zote. Kisha ikapanda, kama ilivyopanda siku zote. Na mdomo nao, mtiifu kuliko vyote, ukakohoa kidogo, ukafunguka.

"Wapendwa," Ngiri akasema.

Hapakuwa na wapendwa. Palikuwa na mavi ya Kanga na upepo. Ngiri akatazama kulia, akatazama kushoto, akasubiri vigelegele, kwa kuwa masikio nayo yalikuwa na mazoea yake. Alisubiri sana. Nyuma yake akasikia kacha-kacha-kacha.

Nungunungu alipita bila kugeuza kichwa. Kwake pale palikuwa njiani tu. Nyegere akapita. Muhanga akapita, akashangaa. "Bwana Ngiri, kuna habari gani huko juu?"

Hapo ndipo Ngiri akazinduka. Akaruka chini, akaanza upya. Lakini nyuma ya kichuguu ilikuwa nchi ya ugeni. Miguu ikawa inajikwaa, inauliza tunakwenda wapi, mbona kwetu tumekupita. Kichomi kikamshika ubavuni. Pumzi ikakata. Akakimbia, akatembea, akakimbia, akakaa. Alikumbuka maganda waliyokula watoto, na kwa mara ya kwanza tangu kiangazi kianze aliona haya. Akainuka akajikokota.

Alipofika, Nungunungu na wanawe walikuwa wameshakunywa, wako kivulini. Kanga wamemzunguka. Kekeke, kekeke. "Nungu huyo, Nungu huyo, nani atamweza huyo?" Nungunungu akawauliza kwa upole kama hawana kazi za kufanya.

Twiga akatangaza zamu. Nungunungu kwanza, Nyegere wa pili, Muhanga wa tatu. Ngiri wa mwisho.

Ngiri akamwendea jirani yake. "Nungunungu, ndugu yangu, wapishe watoto wangu tu."

"Ndugu yangu," Nungunungu akasema, "nilikuwa nakupita kila asubuhi. Ungenifuata siku moja tu ningefurahi, kukimbia peke yako kunachosha. Sasa wanangu nao wana koo."

Basi zamu zikapita moja baada ya nyingine, na maji yakazidi kuzama. Ilipofika zamu ya akina Ngiri, yalikuwa yamekimbilia chini kabisa ya mwamba, yamechanganyika na tope. Watoto wakainama, midomo haikufika. Wakainama zaidi, haikufika. Bi Ngiri akakunja miguu yake ya mbele, akapiga magoti kwenye tope, akafika. Watoto wakamwiga, mmoja mmoja, magotini.

Mdogo wao akainua uso wenye tope. "Baba, mbona wengine wamekunywa wamesimama?"

Ngiri akafungua mdomo. Huyu bwana aliyekuwa na maneno ya umande, ya upepo na ya mwezi, alilitafuta neno moja la kumwambia mwanawe, hakulipata. Akakunja miguu, akapiga magoti kando ya mtoto.

Kuanzia kesho yake, Bi Ngiri alitoka alfajiri akakimbia, watoto nyuma yake mstari mmoja, mikia juu, wakapita kichuguuni bila kukitazama. Mwaka uliofuata hawakunywa wa mwisho. Lakini magoti yalikwisha kukunjika. Mpaka leo ngiri akila hupiga magoti, akinywa hupiga magoti. Na wale waliomrithi baba, ukiwakurupusha porini watakimbia mbio za ajabu, kisha watasimama ghafla na kugeuka. Hapo wanasubiri vigelegele.

Basi mafunzo yake ni haya, na nayasema wazi ili mtu asije akadai hakusikia. Mtaka unda haneni. Mwili hausikilizi hotuba, unashika kile unachoufundisha kila siku. Ukiufundisha kuongeza kidogo, utaongeza. Ukiufundisha kusimama, siku ya kukimbia utasimama. Usidhani mvivu hafanyi mazoezi. Anayafanya, tena kila siku bila kukosa.

Hadithi yangu imeishia hapo, magotini kwenye tope. Wewe uliyesema utaanza mwezi ukiandama, toka nje uangalie. Umeandama.