Kona Tisa za Mlima Vughara

Ninyi mnaopita Vughara kwa baiskeli, mapaja yakiwaka moto, msidhani mlima ule ulikuwa na kona tangu mwanzo. Hapo kale haukuwa na kona hata moja. Njia ilitoka kijiji cha Kizumba ikapanda uso wa mlima imenyooka kama kamba iliyovutwa, ikaingia penye upenyo baina ya vilele viwili, ikashukia Ndeme upande wa pili. Watu waliipanda kwa mikono na magoti. Mwenye baiskeli aliibeba begani, maana pale baiskeli ndiyo iliyokuwa ikimpanda mtu.

Enzi hizo Kizumba alikaa mzee mmoja, Mbonea, aliyepeleka tangawizi mnadani kwa baiskeli nyeusi ya chuma yenye keria pana. Mkewe, Nakijwa, alikuwa mkunga. Nusu ya watoto wa kijiji walidakwa na mikono yake. Lakini mwaka mmoja wa mvua aliteleza kwenye matuta, nyonga ikavunjika na kuunga vibaya. Toka hapo safari yake ndefu ilikuwa ya jikoni hadi bandani kwa mbuzi, na fimbo mkononi.

Binti yao wa pekee, Namkunda, aliolewa Ndeme. Mimba yake ya kwanza iliishia kaburini, kitoto hakijapewa hata jina. Mbonea alivuka mlima kwenda kuzika. Nakijwa alibaki nyumbani akiutazama mlima, na tangu hapo akawa anakaa ameupa mgongo.

Basi asubuhi moja ya masika, mwanamke kutoka Ndeme akapiga hodi, matope hadi magotini.

"Mama, Namkunda ameanza kuumwa. Mtoto amekaa vibaya, wakunga wa kule wameshindwa kumgeuza. Hataji mtu mwingine ila wewe."

Nakijwa hakulia. Alijifunga kanga mbili kiunoni, akazikaza mpaka akaguna, akachukua kifuko chake cha kazi.

"Baba Namkunda, toa baiskeli."

"Niitoe twende nayo wapi? Mlima ule hata mbuzi husimama kwanza akavuta pumzi."

"Nimekuuliza habari za mbuzi?"

Mbonea akaitoa. Alikunja blanketi juu ya keria, akampakia mkewe, wakaelekea mlimani. Njia ya zamani iliwashinda mapema. Hatua ishirini hazikutimia, baiskeli ikarudi nyuma yenyewe, na kidogo wote wawili waviringike hadi bondeni. Mbonea aliizuia kwa kifua, akihema.

"Usipigane nao," Nakijwa akamwambia. "Upitie ubavuni, polepole."

Mbonea akausukuma mzigo wake kushoto, kwa mshazari, udongo mwekundu ukiwa laini kama ugali usioiva. Kweli, baiskeli ikakubali kwenda. Akaenda hivyo mpaka jabali likamzuia. Akaweka jiwe nyuma ya gurudumu, akapumua, akageuza kulia. Hiyo ikawa kona ya kwanza. Kulia akaenda mpaka penye korongo, akageuza tena. Popote pumzi ilipokatika au mlima ulipokataa, aligeuza, na nyuma yao tairi zikiacha mfereji mwembamba kwenye tope. Kona ya tatu mnyororo ulichomoka. Wakala ndizi za kuchoma akiurudisha. Kona ya nne Nakijwa alimwimbia nyimbo za harusi yao, kwa sauti mbaya, makusudi, mpaka mzee akacheka na nguvu zikamrudia.

Kona ya tano nyimbo zilikatika. Mbonea akageuka, akaona uso wa mkewe umelowa, na siyo mvua. Kila gurudumu liliporuka jiwe, nyonga ile ilikuwa ikimchoma kama kisu, naye alikuwa ameuma kanga ili asisikike.

Ukungu ulikuwa umeshuka, mtu haoni mbele wala nyuma. Mzee akaigeuza baiskeli taratibu, akaanza kushuka kwa mshazari mwingine, si ule waliopandia. Alishuka kama hatua mia hivi kabla Nakijwa hajang'amua kwamba magurudumu yanateremka.

"Unanipeleka wapi?"

Mbonea akazidi kushuka.

Nakijwa akajiachia kutoka kwenye keria, akaanguka matopeni. Akaanza kujiburura kwa makalio kurudi juu, fimbo mkono mmoja, majani mkono wa pili.

"Nenda kalishe mbuzi wako," akasema bila kutazama nyuma. "Mimi nitafika."

Mbonea alisimama ameshika usukani. Miaka thelathini hakuwahi kumwita mkewe kwa jina, ila Mama Namkunda. Siku hiyo alimwita.

"Nakijwa. Nikimpoteza mtoto wetu, nitalia. Nikikupoteza wewe, nani atanisikia nikilia?"

Nakijwa akaacha kujiburura. Alikaa pale kwenye tope kitambo, mabega yakitikisika, na Mbonea hakujua kama ni kilio au kicheko. Mwisho akanyoosha mkono.

"Basi usinipoteze. Ninyanyue, usukume."

Pale walipopita wakishuka palikuwa pameshachimbika, hapapandiki tena. Ikabidi waanzie pale pale chini walipofika na kushika mshazari mpya. Kona ya sita, ya saba, ya nane. Ya tisa iliwatoa penye upenyo, upepo ukawapiga usoni, na Ndeme ikaonekana chini, moshi wa majiko ukipaa.

"Sasa panda uendeshe," Nakijwa akaamuru.

Walishuka breki zikilia, kengele ikipigwa bila kukoma, bibi amemkumbatia babu kiunoni akipiga kelele za woga na furaha mchanganyiko. Waliingia uani jua likiwa bado juu. Nakijwa alibebwa hadi kitandani kwa mwanawe. Akapasha mikono moto, akaiweka juu ya lile tumbo, akazungumza na mtoto kwa sauti ya chini huku akimsogeza, akimsogeza, mpaka akageuka. Kabla jua halijatua, alilia mtoto wa kike, mwenye mapafu ya kutosha watu wawili.

Mvua zilipokatika, ule mfereji wa tairi ukakauka ukawa mgumu. Wanawake wa Ndeme waliupitia na mizigo yao, wakafika Kizumba wakiwa bado na pumzi za kusalimia. Taratibu njia ya zamani ikaota nyasi. Wenye majembe wakaupanua mfereji, na wenye mitambo walipokuja baada ya miaka mingi kuweka lami, walifuata pale pale watu walipopita.

Na tangu siku hiyo, barabara ya Vughara ina kona tisa, na baada ya kona ya tano inateremka hatua mia kabla ya kupanda tena. Waendesha baiskeli wageni hukasirika wakifika hapo. Huuliza ni nani aliyepima barabara hii, hata ikampokonya mtu kimo alichokitolea jasho.

Wenyeji huwajibu, "Hapo mtu aliogopa kumpoteza mkewe. Pumzisheni miguu, halafu mpande."