Ngiri na Jasho la Ukweni

"Hadithi iko mlangoni!"

"Fungua, iingie!"

"Imekuja na jasho!"

"Ipe kiti, ipumzike!"

Ngiri alikuwa na baiskeli ya chuma, kwichi-kwichi, kwichi-kwichi. Nguvu anazo, tamaa ndiyo zaidi. Siku hiyo alikuwa anapeleka mkungu wa ndizi ukweni, kule juu kilimani, na wakwe wangemwangalia kama anafaa kuoa. Hofu yake ilikuwa moja tu, kumwamkia mama mkwe huku jasho linamchuruzika. Aliona aibu hata kabla ya kufika.

Njiani akamkuta Nguchiro, mdogo kama kiatu, juu ya baiskeli ya umeme. Zzzii.

"Hiyo inapanda kilima bila kukanyaga?" akauliza Ngiri.

"Inapanda, kaka. Ila siitoi."

Ngiri akawaza. Ya chuma ameizoea. Ya umeme haina jasho. Ya chuma haijawahi kumwangusha. Ya umeme haina jasho. Akamkunjia uso Nguchiro.

"Tubadilishane. Na huo muhogo wako wa kuchoma nipe."

Nguchiro akajifanya kulia. "Chukua basi. Lakini bwana mkubwa haingii ukweni kimya. Washa taa, piga honi, wakwe wajue."

Hakumwambia kwamba betri imechakaa.

Ngiri akawasha taa mchana kweupe. Piii! Akatafuna muhogo. Piii! Huko juu wanawake wakasikia, wakashuka kumpokea kwa vigelegele.

Katikati ya kilima: zzzii, zzi, zi. Kimya. Akashuka, akasukuma. Lile dude lilikuwa zito kuliko ya chuma. Jasho puani, jasho kwenye meno. Wanawake walipomfikia, vigelegele vikakatika. Mama mkwe akavua kanga ya begani, akampa ajifute. Ngiri alitamani ardhi ipasuke aingie.

Nyuma yake, kwichi-kwichi, kwichi-kwichi.

"Shikamoo, mama," akasema Nguchiro. "Huo mkungu nipakieni mimi."

Ndizi zikafika. Nguchiro akakaribishwa mkekani, akawa wa kwanza kupakuliwa pilau. Ngiri alipiga magoti, akala ameinamisha uso ili mama mkwe asimwone. Kuhusu kuoa, wakwe walisema watamjulisha. Mpaka leo hawajamjulisha, na mpaka leo ngiri hula amepiga magoti.

"Funzo, jamani: jasho ni aibu, msikanyage baiskeli tena. Hadithi inaondoka."

"Inaondoka na nini?"

"Kwichi-kwichi."